Chumba cha futi 7 kwa 8

Mwanangu kipenzi,

Assalaam aleykum. Sisi huku Tanga hatujambo, mama yako anakusalimu na anasema embe zitapanda gari la Jumamosi.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mjukuu wangu ametimiza miaka 5, Januari anaanza darasa la awali, na mnataka atoke kitandani kwenu ahamie kile chumba cha pembeni ya jiko ambacho mmekifanya stoo tangu mhamie. Umepima, ni futi 7 kwa 8. Unauliza kama ile deka, kitanda cha ghorofa, uliyoiona mtandaoni, yenye meza na kabati chini yake, itaingia. Na kama haiingii, ununue kitanda cha 4 kwa 6 au cha 3 kwa 6, na kabati la milango mitatu likae wapi.

Kabla ya kitanda, mama, nianze na picha ulizonitumia. Nimeziangalia vizuri. Nimeona masanduku mawili ya safari, cherehani ya mama mkwe wako, kiroba cha mchele, feni mbovu, kapeti lililoviringishwa na mtungi wa gesi wa akiba. Cha mtoto humo ni baiskeli peke yake, nayo imeegemezwa kwenye kapeti. Ukimwingiza humo na vitu vyote hivyo hujampa chumba, umemlaza stoo. Mtungi wa gesi utoke leo hii, usingoje fundi. Mahali anapolala mtoto si mahali pa gesi. Masanduku moja liingie ndani ya jingine, yapande juu ya kabati lenu. Feni wape wanaopita kununua vyuma chakavu. Cherehani sina la kusema, hilo ni lako na mama mkwe wako.

Ukishatoa vyote ndipo upime tena. Kuta zetu za tofali za saruji ni nadra kunyooka, na lipu hupenda kunenepa kwenye kona. Pima mara tatu kila upande: karibu na sakafu, usawa wa kiuno na usawa wa kichwa, kisha ushike kipimo kidogo kuliko vyote. Enzi zangu za useremala kule Keko, Dar es Salaam, nimeona kitanda kizuri cha mninga kikirudishwa karakana kukatwa kwa sababu ya nusu inchi tu, na mwenye kitanda amesimama pale analia na fundi, wakati vipimo alileta mwenyewe.

Halafu mlango. Hili watu hawalifikirii kabisa, na katika chumba kidogo ndilo la kwanza. Mlango wako ni wa inchi 30, uko karibu na kona ya kushoto, lakini bawaba zimefungwa kulia, kwa hiyo ukifunguka unakuja mpaka katikati ya chumba. Njia yote ambayo ubao unapita ni nafasi iliyokufa, huwezi kuweka hata ndoo. Mwite fundi ahamishie bawaba upande wa kushoto ili mlango ukifunguka uende kulala kwenye ukuta. Ni kazi ya patasi, vipande vya mbao vya kuzibia makovu ya bawaba za zamani, na kukigeuza kitasa. Akikuambia lazima fremu yote ibadilishwe, tafuta mwingine. Mumeo atasema mlango ufungukie nje. Kweli ungeachia nafasi zaidi, lakini nje pale ndipo mnapopita na sufuria za moto kutoka jikoni.

Sasa kitanda. Deka hapana, na nitakueleza kwa nini ili usidhani mzee anaonea wivu vitu vya kisasa. Mtoto ambaye hajafika miaka 6 halali kitanda cha juu. Hiyo ndiyo kanuni ya watengenezaji makini popote duniani, na wako ana miaka 5 na anaota anakimbia. Pili, dari lako ni la jipsamu chini ya bati, na joto la Dar es Salaam hukusanyika huko juu. Tatu, pangaboi. Mtoto akisimama kwenye kitanda cha juu, mkono wake uko wapi? Nne, chandarua utakifungaje? Ukija kupata mwingine, na huyu akawa mkubwa, tutazungumza. Siku hiyo kumbuka kitu kimoja: kingo za juu zipande angalau inchi 5 kutoka juu ya godoro. Fundi hupima kwa godoro la inchi 4, mteja akaenda kununua la inchi 8, kingo ikamezwa, mtoto akalala ukingoni kama ndege kwenye waya.

Cha 4 kwa 6 nacho hapana. Umeandika kwamba kitasaidia wageni wakija. Wageni walale sebuleni. Chumba ni cha mtoto, na futi moja hiyo ya upana ndiyo sakafu yake. Shule za bweni zinawalaza vijana wenye ndevu kwenye godoro la 2.5 kwa 6. Huyu wako 3 kwa 6 itamfikisha sekondari.

Umekichora kitanda kimelala kwa urefu wa chumba, ubavu kwenye ukuta wa kulia. Kikingamishe badala yake, kikae chini ya dirisha kwenye ule ukuta wa futi 7. Futi 7 ni inchi 84. Kitanda cha 3 kwa 6, ukijumlisha mbao za kichwani na miguuni na kidogo cha kupumulia, kinakula inchi 76. Kwa mchoro wako mtoto anabakiwa na kichochoro cha futi 4 hazitimii, kirefu kama korido. Kwa huu wangu anapata uwanja wa karibu futi 5 kwa 7. Ukipiga hesabu ya eneo tofauti si kubwa, lakini kwenye kichochoro gari la mtoto haliwezi kupiga kona, na mtoto anayecheza anataka kona. Kama huniamini, chora vitanda vyote viwili kwa chaki sakafuni, kimoja leo kingine kesho, umwache achezee humo. Yeye mwenyewe atakuonyesha.

Zile inchi 8 zinazobaki miguuni usiziache zikawa shimo la soksi. Hapo panaingia rafu nyembamba ya kusimama, ya vitabu na madaftari. Wazee wetu wa mwambao walilijua hili. Ukiingia nyumba za mawe za Lamu unakuta vyumba virefu lakini vyembamba, upana hauzidi mita 3 hivi, kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haziwezi kuvuka zaidi ya hapo bila kupinda. Wakachimba madaka kwenye zile kuta nene za mawe, vitabu na vyombo vikakaa ukutani, sakafu ikabaki ya watu. Kuta zako za tofali la inchi 6 huwezi kuzichimba, usithubutu, lakini rafu ya inchi 6 au 7 inafanya kazi ileile. Ipigwe kwa skrubu na fisha, vile vidude vya plastiki vinavyoingizwa kwenye tundu la ukuta, siyo msumari wa zege, na usitoboe moja kwa moja juu ya soketi au swichi kwa maana waya hupanda humo ndani ya lipu.

Mvungu sasa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtoto wa miaka 5 kuinama ndiyo kazi yake ya kutwa, kwa hiyo mvungu ni wake, siyo wa masanduku yenu. Nitauacha wazi inchi 11. Nitatengeneza masanduku 3 yasiyo na vifuniko, kila moja upana wa inchi 22, yenye magurudumu madogo, yaingie chini ubavu kwa ubavu. Moja la nguo, moja la vitu vya kuchezea, moja la mashuka. Mbele nitatoboa matundu mawili na kupitisha kamba ya katani, ndiyo mpini. Mpini wa chuma utamgonga magoti, na droo za reli zinazofungwa kwenye kitanda hazimalizi mwaka: mtoto hukaa ndani yake, anasukumwa na mwenzake, reli inapinda. Sanduku la magurudumu likisukumwa linakwenda tu. Na siku ya usafi unayatoa yote matatu, unafagia mpaka ukutani. Vile vitanda vilivyozibwa pande zote, vya kufunua godoro, ni nyumba za mende.

Chini ya godoro naweka chaga, siyo plaiwudi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu. Godoro la sponji likilala juu ya ubao mzima halipumui, na baada ya muda ukilinyanyua unakuta ukungu. Chaga 13 za upana wa inchi 3, mwanya kati yake usifike inchi 3, sponji haizami. Mnunulie na kava la mpira, maana mama yako ameniambia siri ya mtani wangu ya alfajiri. Usimwambie kwamba najua.

Mbao nitatumia paini ya Mafinga iliyotiwa dawa. Najua mumeo angependa mtiki, na mtiki wa shamba la miti la Longuza uko jirani yetu hapa Muheza, lakini kitanda cha mtoto kinachorwa kalamu na kupigwa teke. Mtiki ni wa siku atakapooa. Chipubodi usinunue hata wakikupa kwa nusu bei. Ikilowa mara moja inavimba kama andazi na skrubu hazishiki tena.

Kabati la milango mitatu liache dukani. Makabati yana kina cha futi 2 kwa sababu nguo za mtu mzima zikitundikwa zina upana huo. Henga ya mtoto ni nusu ya hiyo. Kwa hiyo kabati la mtoto kina cha inchi 14 kinamtosha, na utakuwa umeokoa karibu futi nzima ya chumba. Kwake hata mlango hauhitajiki. Bomba la kutundikia liwe inchi 36 kutoka sakafuni, alifikie mwenyewe, atundike sare yake mwenyewe. Juu ya bomba weka rafu mbili za vitu visivyotumika kila siku. Likae ukuta wa mlango, upande wa kulia, na lifungwe ukutani kwa vyuma viwili vya pembe. Hilo la kufunga usilipuuze hata kama kabati ni fupi. Mtoto akitaka kitu cha juu hutumia rafu kama ngazi, na kabati likimwangukia hakuna wa kumlaumu.

Meza ya kusomea usisumbuke nayo sasa. Darasa la awali huandika kwa tumbo, juu ya mkeka, au kwenye meza ya chakula huku anakuuliza maswali unapika. Akifika darasa la 3 nitampigia ubao wa bawaba ukutani, wa kukunja, utelemke akisoma na upande akimaliza. Urefu wake nitaupima siku hiyo kwa kiwiko chake akiwa amekaa, maana meza inayomfaa leo mwakani itamgonga magoti.

Chandarua kiwe cha mstatili chenye kamba nne. Cha duara kinakaa vizuri kwenye kitanda cha katikati ya chumba. Kwenye kitanda kilichobanwa ukutani kinamlalia mtoto, na mkono ukigusa wavu mbu anauma akiwa nje. Piga ndoano nne, mbili zisogezwe nje ya kitanda kidogo ili wavu uachane na ubavu wake. Asubuhi kiviringishwe juu. Pangaboi nalo ningelitoa, uweke feni ya ukutani pembeni, nje ya mkono wake. Pazia liwe fupi, liishie pale dirisha linapoishia, upepo upite juu ya kitanda. Nondo nimeziona, ni nzuri. Kutani mpaka usawa wa kifua chake paka rangi ya mafuta, kalamu zifutike kwa kitambaa. Rangi yenyewe muulize yeye, mradi isiwe ya giza.

Mama yako anauliza kama ataogopa kulala peke yake. Wiki za mwanzo atakuja kwenu usiku, mrudisheni taratibu, na mlango wake uachwe nusu wazi. Kichwa cha kitanda kielekezwe upande ambao akifumbua macho anauona mlango. Wewe mwenyewe ulikuwa hivyo.

Kitanda na masanduku naanza mara tu nikipata vipimo: upana wa ukuta wa dirisha mara tatu, urefu wa chumba mara tatu, na kimo kutoka sakafuni hadi dirisha linapoanzia. Pima kwa futi ya chuma, siyo ya cherehani, ile ya kitambaa huvutika. Nitavileta vipande vipande kwenye buti la basi tuviunge huko. Ninunulie bolti 8 za inchi 4 na nati zake na washa zake, huku dukani zimepanda bei bila sababu.

Baba yako