Mboga ikichanua, bado inalika?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina matuta ya mchicha na chainizi nyuma ya nyumba, na mboga maboga pembeni. Tangu mvua zikatike namwagilia kwa ndoo, lakini chainizi zimetoa maua ya njano na mchicha umebeba mashuke. Mama mkwe anasema mboga iliyochanua ina sumu, niing'oe yote. Nifanyeje?
Mama wa watoto wawili, Ipagala, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Using'oe! Ua halitii sumu kwenye mchicha wala chainizi. Anachokiona mama mkwe ni kweli kwa upande mmoja: mboga ikichanua, chakula chake kinakwenda kwenye mbegu, majani yanakuwa madogo, magumu na machungu. Jua letu la Dodoma na ukavu huiharakisha.

Pima kwa vidole. Vunja kikonyo karibu na ncha. Kikikatika papo hapo, kinalika chote. Kikipinda na kuacha nyuzi, chambua majani tu.

Vikonyo vya chainizi ambavyo maua hayajafunguka ndivyo vitamu kuliko majani, na Wachina huvilima kwa ajili hiyo hiyo. Kaanga kitunguu na nyanya, vitie mwishoni, geuza mara mbili tatu uepue. Mchicha uliokomaa uchemshe kidogo, umwage maji yale, ndipo uunge kwa karanga. Uchungu unapungua sana.

Kwenye maboga angalia vizuri. Ua lenye kiboga kidogo chini yake ni jike, usiliguse. Lenye kikonyo chembamba kirefu ni dume. Hilo chuma asubuhi nyuki wakishapita, toa kile kijiti cha katikati chenye vumbi la njano, upike pamoja na majani yake. Madume machache yaache, la sivyo hutavuna boga.

Ninayokuomba uwe nayo makini ni mnavu, kama utaupanda. Vitunda vyake vya kijani vina sumu, na watoto wanapenda kuvichuma. Viondoe vyote kabla majani hayajaingia sufuriani.

Bakiza mashina mawili ya mchicha yaliyo na afya kuliko mengine, usiyachume kabisa. Mashuke yakikauka yapukuchue juu ya ungo, upepete, uhifadhi mbegu mahali pakavu. Mwezi ujao hutanunua mbegu dukani.