Mke wangu na maji ya Lindisfarne

Wiki hii mmeuliza: ni safari gani iliyokufanya umwone mwenzi wako upya? Yangu ilikuwa ya siku sita, mwezi wa Juni, kwenye pwani ya Northumberland, kaskazini mashariki mwa Uingereza, tukikokota karavani ya kuazima.

Kwa ambaye hajaiona, karavani ni kijumba cha magurudumu mawili kinachofungwa nyuma ya gari. Ndani mna jiko la gesi, beseni, choo cha kumwaga mwenyewe (kazi ambayo hakuna mtu huigombea) na meza inayogeuka kitanda ikifika usiku. Mama mkwe alipoonyeshwa kwa simu kule Kigombe aliuliza kama tumefukuzwa na mwenye nyumba.

Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa. Maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya lambo la ng'ombe. Mke wangu kazaliwa Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, lakini miaka kumi na minne ya ndoa yetu tumeiishi katika miji ya bara ya Uingereza, na bahari hakuitaja sana. Nikadhani ameshaiacha, kama mtu anavyoacha lafudhi.

Safari ilianza kwa ugomvi. Nilipakia mwenyewe, na madumu ya maji, kilo kumi za mchele na mfuko wa unga nikavirundika nyuma kabisa ya karavani. Mzigo huwekwa chini, karibu na ekseli. Ukiujaza mkiani, karavani hucheza. Barabara ya A1 lori likatupita na kijumba chetu kikaanza kuyumba kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Mguu wangu ukataka breki. Bahati nikakumbuka nilichosoma: usifunge breki ghafla, ondoa mguu kwenye mafuta, usukani uushike umenyooka, acha mwendo ushuke wenyewe. Ikatulia. Mama watoto hakusema neno mpaka tuliposimama kupakua na kupakia upya. Hapo alisema mengi.

Kurudisha nyuma ndiyo balaa lenyewe. Ukikata usukani kushoto, karavani inaenda kulia. Jioni ya kwanza, kwenye kiwanja karibu na Seahouses, ilinichukua dakika ishirini, yeye amesimama nyuma akipunga mikono, wazee wa karavani za jirani wametoa viti vyao nje kutazama. Nyumbani nikinuna naenda kukaa sebuleni. Humo ndani sebule ndiyo chumba cha kulala, na chumba cha kulala ndicho jiko. Unanuna umegusana magoti na mtu uliyemnunia.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa za kawaida, nzuri tu. Tulikwenda Craster, kijiji kidogo kinachojulikana kwa heringi wanaokaushwa kwa moshi wa mwaloni. Mke wangu alipomwona samaki yule, kapasuliwa mgongoni na kufunguliwa kama kitabu, alicheka: "Huyu si ng'onda tu huyu?" Akawapika kwa tui la kopo, tukala na ugali. Harufu ilibaki kwenye mapazia, na mwenye karavani bado anatukumbusha. Bamburgh tuliona kaburi la Grace Darling, binti wa mlinzi wa mnara wa taa wa Longstone. Septemba 1838, akiwa na miaka 22, aliiona kwa dirishani meli ya Forfarshire imepasuka mwambani, akapiga makasia na baba yake kwenye mawimbi yale, na watu tisa wakaokolewa. Alikufa miaka minne baadaye. Mimi niliposoma hivyo nilisema "maskini". Mke wangu aliuliza mashua yao ilikuwa na urefu gani na upepo ulivuma kutoka wapi. Ningeshtuka hapo hapo, ila sikushtuka.

Siku ya tatu tukaenda Lindisfarne, wanayoiita pia Kisiwa Kitakatifu. Ni kisiwa kwa zamu. Maji yakipwa unavuka kwa gari juu ya lami, yakijaa barabara inazama, mara mbili kila mzunguko wa mchana na usiku. Barabara hiyo ilifunguliwa 1954. Kabla yake watu walipita mchangani wakifuata safu ya miti, na miti ipo hadi leo. Njiani kuna kibanda cheupe juu ya nguzo, chenye ngazi, cha kukimbilia walioshikwa na maji. Kila mwaka wapo wanaoshikwa, maana halmashauri inatoa ratiba ya saa salama za kuvuka lakini si kila mtu anaisoma. Mimi niliisoma. Niliichapisha kabisa na kuiweka kwenye dashibodi.

Karavani tuliiacha bara, tukavuka na gari tupu asubuhi. Mimi nikaingia kwenye magofu ya monasteri. Mtawa Aidan alifika hapa kutoka Iona, kisiwa cha Scotland, mwaka 635 kwa mwito wa mfalme Oswald. Mwaka 793 Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, wakaivamia, habari ikatisha Ulaya nzima. Mambo kama hayo hunilevya. Nasoma kila kibao. Yeye alibaki bandarini, penye mabanda yaliyotengenezwa kwa mashua kuukuu zilizokatwa na kupinduliwa, akitazama matope.

Nilikuwa nimeinama kwenye jiwe moja niliposikia nyuma yangu: "Baba watoto, twende."

"Bado. Ratiba inasema mpaka saa saba na nusu. Tuna karibu saa nzima."

"Zile mashua zilikuwa zimelala ubavu. Sasa zimesimama."

Nikamwambia ratiba inatolewa na wataalamu. Akaniangalia kwa utulivu ambao sijawahi kuuona hata siku tulipozaa. "Juzi mwezi ulikuwa mpevu. Leo bamvua, maji yanajaa na kupwa kupita kawaida. Maji ya bamvua hayaji, yanakimbia. Lete ufunguo."

Hakuniomba. Aliendesha yeye. Lami ilikuwa kavu bado, ila pande zote mbili mchanga tuliouona asubuhi mpana kama jangwa ulikuwa umekatwakatwa na vijito vinavyong'aa, na vyote vilikuwa vinaelekea nchi kavu. Pale penye kibanda cheupe maji yalishafika kwenye kingo. Hakuongeza mwendo kupita kiasi wala hakusema "nilikwambia". Alikuwa anasoma tu, macho huku na huku, kama mimi na vibao vyangu.

Tulipofika bara akaegesha. Nikachukua karatasi. Siku yetu, Jumatano, ilikuwa imeandikwa mwisho saa sita na dakika hamsini. Saa saba na nusu ilikuwa ya Alhamisi. Maji huchelewa dakika 40 au 50 hivi kila siku, na mimi nilikuwa nimeshuka mstari mmoja.

Tukakaa tukaangalia barabara ikizama. Ilianza katikati, kipande kidogo tu kama jasho, halafu ikawa hakuna barabara, kuna bahari na miti iliyosimama ndani yake na kile kibanda. Ndipo akanisimulia. Kigombe wakati wa bamvua maji yanakauka saa nne asubuhi, na wanawake wanakwenda mwambani kuchokoa pweza. Mama yake alimchukua tangu ana miaka sita. Kazi ya mtoto haikuwa pweza; ilikuwa kuangalia maji. Wakubwa wameinama, vichwa vimo kwenye mashimo, hawaoni. Mtoto anachagua jiwe moja, analitazama, na maji yakiligusa anapiga kelele, wote wanaondoka, hata kama mtu pweza wake ameshamshika mkia mmoja.

"Na leo jiwe lako lilikuwa lipi?" nikamwuliza.

"Ile mashua ya bluu."

Miaka kumi na minne nimelala na mlinzi wa maji, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia mwavuli abebe leo ama asibebe.

Siku tatu zilizobaki aliendesha yeye karavani mpaka Berwick na kurudi. Anarudisha nyuma vizuri kuliko mimi, kwa mara moja tu, hata wazee hawakupata muda wa kutoa viti. Ile ratiba bado ipo kwenye gari. Mistari yetu yote ameizungushia duara kwa wanja.