UV haikati DNA, inaifunga fundo: jibu kwa dada anayeuziwa seramu

Swali: Habari mtaalamu. Wiki mbili zilizopita nilishinda juani bila kujifunika, mabega yakauma siku tatu halafu yakachubuka. Nimesoma kwamba mionzi ya UV inakatakata DNA, na kuna mtu ananiuzia seramu anasema inaunganisha DNA iliyokatika, inairudisha ilivyokuwa utotoni. Ngozi imeshapona. Je na DNA imepona, au ninunue tu?

Jibu: Nzuri dada, pole na mabega. Usinunue. Hili swali linanifikia kila mara kwa sura tofauti na nimechoka, sio na nyie mnaouliza, nimechoka na hao wanaowauzia, maana hilo neno "inaunganisha" peke yake linaonyesha muuzaji hajui hata tatizo lenyewe ni nini. Kazi kubwa ya UV ya jua kwenye DNA sio kukata. Ni kuunganisha mahali ambapo hapakutakiwa kuunganishwa.

Chukua jaketi lenye zipu uitazame kwa karibu. Meno ya kulia yanatakiwa yashikane na ya kushoto, sio jino na jirani yake wa upande uleule. DNA ndo hivyohivyo, nyuzi mbili zenye herufi nne za kemikali, A inashikana na T ya ng'ambo, G na C. Sasa pale ambapo T mbili, yaani thaimini, zimefuatana kwenye uzi mmoja, zimepandiana kwa umbali wa kama nanomita 0.34 tu, UVB, ile sehemu ya UV inayounguza ngozi, ikimezwa hapo zile T mbili zinashikana zenyewe kwa zenyewe kwa bondi mbili na kutengeneza kapete kadogo ka kona nne, na hilo linaisha ndani ya sehemu za trilioni za sekunde, yaani hata joto la jua hujalihisi bado. Kuna aina nyingine inashikana kwa bondi moja ila kwa mkao mbaya, hiyo inaupinda uzi zaidi. Hakuna kilichokatika. Uzi ni mzima ila una fundo, na kile kimeng'enya kinachonakili DNA seli ikitaka kugawanyika kikifika pale kinakwama kama kichwa cha zipu.

Mwili una mafundi wake wa hii kazi. Kuna protini zinakagua DNA muda wote, zikikuta imepinda zinaita wenzake, wanakata kipande cha herufi kama 30 chenye lile fundo, wanakitoa, wanajaza upya kwa kusoma uzi wa ng'ambo. Aziz Sancar ni mmoja wa walioifumbua hii kazi hatua kwa hatua, na mwaka 2015 akapata Nobel ya kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich. Kwa hiyo ona, kukata ndo tiba yenyewe, muuzaji wako kageuza kila kitu.

Mafundo yanayopinda sana hutolewa ndani ya saa chache, yale ya kapete huchukua muda, mengine siku inapita bado yapo. Seli zilizozidiwa kabisa hujiua zenyewe, na ile ngozi iliyochubuka ndizo hizo zilikuwa zinaondoka. Kwa hiyo baada ya wiki mbili mafundo mengi ya siku ile yameshatoka, bila seramu.

Sasa naomba hapa unisome taratibu, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Kutoa fundo ni jambo moja, kurekebisha kosa lililoshanakiliwa ni jambo lingine. Fundo likiwa na C ndani yake, ile C hupoteza kipande chake kirahisi na kugeuka kitu kinachosomeka kama T, seli ikinakili kabla mafundi hawajafika inaweka A mbele yake, na raundi inayofuata ile A inaandikiwa T kamili. Basi imeisha. Uzi umenyooka, T imekaa na A vizuri kabisa, mafundi wanapita hapo hawaoni kosa lolote kwa sababu hakuna kilichopinda, hakuna wa kujua kwamba palikuwa na C. Makosa ya namna hii, hasa CC mbili kugeuka TT, ndo tunayoyakuta kwenye jeni ya p53, ile inayozuia seli kugawanyika ovyo, ya kansa nyingi za ngozi. Hakuna mafuta ya kupaka yanayojua herufi yako ya zamani ilikuwa ipi.

Kuna zoezi nawafanyishaga wanafunzi maabara. Tunamwagia bakteria kwenye visahani viwili, tunavipiga UV sekunde chache, kimoja tunakifunga kwa foili, kingine tunakiacha kwenye mwanga wa kawaida. Kesho yake cha kwenye foili kina vidoa vya kuhesabu, kile cha mwangani kimejaa. Bakteria wale wana kimeng'enya kinachotumia mwanga wa bluu kufungua fundo. Wauzaji wamesikia nusu ya hii habari wanawaambia watu mkae jua la asubuhi DNA ijitengeneze! Binadamu hatuna hicho kimeng'enya, na jua hilohilo linaongeza mafundo. Losheni zenye vimeng'enya vya kurekebisha zimejaribiwa kweli kwa wagonjwa wa XP, waliozaliwa na mafundi wabovu na wanaopata kansa ya ngozi tangu utotoni, ila chini ya madaktari, na hata hizo zinashughulika na mafundo, herufi iliyoshabadilika haziigusi.

Na msipime kwa maumivu. Fundo linatokea hata siku ambayo ngozi haijauma, hata kukiwa na mawingu, hata kwenye ngozi nyeusi, melanini inapunguza tu haimalizi. Jifunike mabega mchana, paka sanskrini na urudie kupaka. Alama yoyote inayokua, inayobadilika rangi au kidonda kisichofunga, mwonyeshe daktari wa ngozi kabla hujapaka kitu, maana nimeshaona sampuli zilizochelewa miezi kwa sababu mtu alikuwa anasubiri seramu ifanye kazi.