Kompyuta Mpya Haijaikataa Linux

Msomaji mmoja wa Mwanza ameniandikia akiwa amekata tamaa. Amenunua kompyuta mpakato mpya, akataka kuiwekea Ubuntu, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux iliyo huru kutumiwa na yeyote, na alipofika kwenye hatua ya kuchagua diski hakuona diski yoyote. Fundi aliyempelekea akamwambia kwamba mashine za siku hizi zimefungwa, hazikubali Linux, na kwamba ni afadhali abaki na mfumo alioukuta dukani. Maneno hayo ninayafahamu vizuri, kwa sababu na mimi niliambiwa hivyo hivyo Kariakoo, mbele ya wateja wengine, na kicheko cha fundi yule bado kinaniuma.

Kompyuta ile niliinunua kwa fedha niliyoidunduliza kwa muda mrefu, nikiwa na nia moja tu ya kujifunza uhandisi wa programu kwa kutumia programu huria. Nilipoiwasha kwa flashi yenye kisakinishi, yaani programu ya kuiweka Linux, skrini ilionekana vizuri na kibodi ilifanya kazi, lakini orodha ya diski ilikuwa tupu na alama ya Wi-Fi haikuwepo kabisa. Niliogopa, nakiri, kwa kuwa fedha ya kununua nyingine haikuwepo. Hata hivyo sikumrudia fundi. Nilikaa chini nikasoma, na nikagundua kwamba matatizo yale mawili hayakuwa na uhusiano wowote.

Tuanze na diski. Kompyuta nyingi zenye kichakataji cha Intel hutoka kiwandani zikiwa zimewashwa kitu kiitwacho VMD, ambacho huiweka diski ya NVMe, yaani diski ya kisasa yenye kasi, nyuma ya kidhibiti cha ziada, na baadhi ya visakinishi vya Linux hushindwa kuifikia. Diski ipo na ni nzima. Dawa yake ni kuingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, na kuizima VMD. Katika mashine yangu mpangilio huo ulikuwa umefichwa. Niliupekua kila ukurasa bila kuuona, hadi nilipobonyeza Ctrl na S kwa pamoja nikiwa kwenye ukurasa wa Main, ndipo mstari mpya ukajitokeza katikati ya ile ya zamani. Nilipoizima na kuwasha upya, diski yangu ikaonekana na ukubwa wake wote.

Lakini usikimbilie kuizima ikiwa bado unaihitaji Windows. Windows iliyosakinishwa VMD ikiwa imewashwa inaweza kukataa kuwaka baada ya mabadiliko hayo, isipokuwa uiandae kwanza kwa kuiwasha katika Safe Mode, hali ya Windows ya kuwaka na vitu vya lazima tu. Tena, diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, utaulizwa ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye karatasi kabla hujagusa chochote, na unakili mafaili yako kwenye diski ya nje.

Wi-Fi ilikuwa na sababu nyingine. Kadi ilikuwa mpya kuliko kerneli, yaani kiini cha Linux kinachozungumza na vifaa. Debian 12, mfumo mwingine wa Linux, kwa mfano, ilitoka Juni 2023 ikiwa na kerneli 6.1, na kadi iliyoingia sokoni baada ya hapo haiwezi kutarajiwa kutambuliwa nayo. Kwa mashine mpya, chagua toleo la karibuni kabisa la mfumo unaoutaka. Ili upate intaneti ya kuanzia, unganisha simu yako kwa waya wa USB na uiruhusu igawe bando. Njia hiyo haitegemei kadi ya Wi-Fi hata kidogo. Kisha andika lspci -nn, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani, kwenye kituo cha amri (terminal), na utafute suluhisho kwa namba zilizo ndani ya mabano ya mraba, wala si kwa jina lililoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa modeli moja huweza kuuzwa ikiwa na kadi tofauti.

Ndugu zangu, sisi tunaotaka kuijua kompyuta kwa undani tusikubali kuambiwa kwamba mambo haya si yetu. Linus Torvalds, mwanzilishi wake, alipoitangaza Linux mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi tu mjini Helsinki. Na hapa kwetu, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi, kwa Kiswahili mwaka 2004, wakati wengi wetu hatujawahi hata kushika kipanya. Someni, jaribuni, ulizeni, na msimruhusu mtu asiyesoma awakatishe tamaa. Nalisema hili kwa uchungu, maana nawajua vijana waliokubali neno la fundi wakaishia hapo.

Limebaki jambo la Secure Boot, ulinzi unaoruhusu kuwaka kwa programu zenye saini inayoaminika tu. Ukisakinisha kiendeshi cha ziada, yaani programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa fulani, kama cha kadi ya picha ya NVIDIA, Ubuntu itakuomba utunge nywila, na ukiwasha upya itatokea skrini ya buluu yenye maneno Enroll MOK, yaani kusajili ufunguo wako uaminike. Skrini hiyo haisubiri muda mrefu. Chagua maneno hayo, kubali kuendelea, ingiza nywila ile ile, kisha uwashe upya. Ukiiacha ipite, kiendeshi hakitapakiwa. Ikiwa imekwisha kukupita, andika sudo update-secureboot-policy --enroll-key, utunge nywila mpya, kisha uwashe upya.