Nyumba inanishinda, mume ananiita mvivu

*Shikamoo Anti. Nina miaka 34, nimeolewa na nina watoto watatu. Tumepanga Tabata, Dar es Salaam, vyumba viwili na sebule. Mwaka jana mama mkwe alikuja kutoka Muheza kwa matibabu ya presha, analala chumba kimoja na watoto. Mimi nauza duka la mtu Kariakoo, natoka saa 12 asubuhi, narudi saa 1 usiku. Nyumba imejaa vitu mpaka pa kukanyaga hakuna. Kila asubuhi ni kelele: soksi haionekani, daftari halionekani, funguo hazionekani. Mume wangu ananiita mvivu, mama mkwe anasema nyumba haina mwanamke. Mtoto wa pili ana pumu, usiku anakohoa sana. Mimi mwenyewe kichwa kinaniuma na usingizi sipati. Juzi zahanati wamenipima presha wakakuta 150/95, wakaniambia nirudi. Sijarudi. Nifanyeje nyumba itulie?*
*Mama Watatu, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Barua yako imeniuma. Mtu anayetoka alfajiri, akarudi usiku, kisha akapika, akaogesha na kufua, si mvivu, na neno hilo usiliruhusu likukae moyoni. Nyumba yenu ina watu sita na mikono miwili inayofanya kazi. Hapo ndipo penye tatizo, si kwenye kabati.

Najua Jumapili ukipata nafasi unataka kutoa kila kitu nje upange upya. Usifanye hivyo. Utachoka saa 8 mchana vitu vikiwa bado barazani, mvua ikikutishia, na Jumatatu mtaamkia pale pale. Anza na vile vinavyoweza kuumiza mtu; urembo wa sebule utasubiri.

Anza na dawa za mama mkwe. Ndani ya nyumba yenye mtoto mdogo, dawa za presha hazikai kwenye mfuko wa rambo chini ya mto. Zibaki kwenye pakiti zake, ziwekwe juu mahali pakavu, na saa za kumeza ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Kama mna mafuta ya taa kwenye chupa ya maji au soda, yahamishie leo hii kwenye kidumu chenye alama, mbali na watoto. Mtoto akiyanywa, msimtapishe, maana yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbizeni hospitali.

Kisha maji. Kwa mgao tulionao, kila nyumba ina pipa na madumu, hilo halikwepeki. Lakini washa tochi ya simu, inama, angalia ndani ya pipa. Ukiona vidudu vyembamba vinajipindapinda, vikishtuliwa vinazama chini, hao ni viluwiluwi, na huenda ni vya mbu wa dengi. Mbu huyu hupenda maji yaliyotulia humo humo majumbani, na huuma mchana. Mwaka 2014 na 2019 dengi iliwalaza watu wengi hapo hapo Dar. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai hunata ukutani mwa chombo na yanaweza kukaa makavu kwa miezi. Sugua kuta za pipa kwa brashi kila wiki, kisha funika vizuri.

Sasa huyo wa pumu. Kwake, vitu vilivyorundikana ni suala la pumzi. Yale mabegi ya shangazi kaja juu ya kabati, nguo za mitumba zisizovaliwa, maboksi ya televisheni iliyokufa zamani, vyote vinatunza vumbi na mende, na vyote viwili vinaweza kuamsha pumu. Kitu ambacho hakijaguswa tangu mama mkwe afike, mpe anayekihitaji au kiuze. Usifagie vumbi kavu mtoto akiwa ndani, futa kwa tambara bichi. Mashuka yake yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata mvua inyeshe, kwani ukiacha moshi unaomkera, mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo imeshaua watu waliolala nayo chumbani. Na kama kikohozi cha usiku kinajirudia, mrudishe kwa daktari, huenda dawa zake zinahitaji kuangaliwa upya.

Kelele za asubuhi zinamalizwa usiku. Kabla ya kulala, kila mtoto anayesoma aweke begi, sare, soksi na viatu vyake mahali pamoja. Wafanye wao, si wewe, hata wakikosea. Funguo pigilieni msumari mlangoni zikae hapo.

Kuhusu mumeo: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Haoni uzito kwa sababu hajaubeba. Usimwambie mkiwa mnatafuta soksi. Subiri siku ametulia, ameshakula, umwambie: "Baba watoto, presha yangu imepanda, nimeogopa. Naomba maji na usafi wa pipa viwe vyako, na Jumamosi tutoe vitu pamoja." Mpe kazi yenye jina na siku yake, maana ukimwambia "nisaidie" tu atakubali na kukaa. Akikuita tena mvivu, mwambie kwa upole kwamba neno hilo linakuumiza. Una haki ya kulisema hilo ndani ya ndoa yako.

Mama mkwe usishindane naye. Mzee aliyetoka kwenye nyumba yake kuja kulala na wajukuu naye ana dhiki yake. Muombe asimamie kukunja nguo na maandalizi ya usiku ya watoto. Mtu akiwa na sehemu yake ndani ya nyumba, maneno hupungua.

Lakini kabla ya yote hayo, mwanangu, kuna zahanati. Kipimo kimoja hakitoshi kusema una ugonjwa wa presha, ndiyo maana walikuambia urudi, na 150/95 si namba ya kuipuuza kwa sababu pipa ni chafu. Kesho omba ruhusa dukani, au pitia asubuhi kabla hujapanda daladala, wakupime tena.