Fundi wa Gudi Anajibu: Mkasi wa bajeti humwacha nani?

SWALI: Mzee Fundi, shikamoo. Kijiweni kwetu tunabishana. Serikali za wakubwa zikibana bajeti ya ulinzi, ni ndege na manowari zipi zinazonusurika? Mimi nasema zilizo bora. Mwenzangu anasema za bei nafuu. Tuamulie.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nyote wawili mmekosa, ila mwenzako mwambie taratibu.

Nianzie gudini, kule meli zinakokaushiwa ili zitengenezwe. Enzi zangu za kuchomelea meli Mombasa, tajiri mmoja alituletea meli ya mizigo, chuma cha chini kimeliwa na kutu. Tukakata mabamba 11, yakabaki matundu ambayo mtoto angepita bila kuinama. Siku ya nane tajiri akaja, mikono nyuma: pesa zimekwisha, simamisheni kazi. Msimamizi wetu akamwuliza, "Tukisimamisha, meli itatokaje humu?" Meli yenye matundu haiteremshwi majini, na kodi ya gudi inahesabiwa kila jua likichomoza. Tajiri akakalia debe la rangi, akapiga hesabu nyuma ya pakiti ya sigara. Akauza lori zake mbili. Kazi tukaimaliza.

Uingereza waliyakuta hayo hayo Oktoba 2010. Serikali ya waziri mkuu David Cameron iliingia na mkasi mkononi, ikakuta manowari mbili za kubeba ndege, kila moja kama tani 65,000, mkataba wake umeshatiwa saini 2008. Vipande vilikuwa vikijengwa Glasgow, Portsmouth, Birkenhead na kwingineko, ili viunganishwe Rosyth, Scotland. Cameron akaliambia Bunge kwamba kuifuta ile ya pili kungegharimu zaidi ya kuimaliza. Basi zikapona, zote mbili. Kichekesho ni kwamba wakati huohuo waliamua kuzistaafisha ndege za Harrier, ambazo ndizo zilizokuwa zikiruka kutoka manowarini. Harrier 72 waliwauzia Wanamaji wa Marekani mwaka uliofuata, nyingi zikatumika kama akiba ya vipuri. Manowari bila ndege! Lakini ukiifuta aina nzima ya ndege unaokoa pesa nyingi kuliko kupunguza chache kila kikosi: mafundi wake, vipuri vyake, mafunzo yake, vyote vinaondoka kwa pamoja. Tornado, ndege yao nyingine ya kivita, ikabaki, Harrier ikaenda.

Iliyoniuma zaidi ni Nimrod MRA4, ndege ya kuwinda nyambizi. Mwaka 1996 waliagiza 21. Idadi ikashuka, ikashuka tena, mpaka 9. Walichukua viwiliwili vya ndege za zamani wakavitia mabawa mapya. Kumbe viwiliwili vile viligongwa kwa mkono, kila kimoja na umbo lake, mabawa yakakataa kukaa. Fundi yeyote wa bodi za matatu angewaonya. Na kadri idadi inavyopungua ndivyo bei ya moja inavyopanda, hadi inakosa wa kuitetea. Zaidi ya pauni bilioni 3 zilikuwa zimeshatumika, lakini pesa iliyokwisha kuliwa haimshughulishi mwenye mkasi. Yeye anatazama gharama za kuzirusha miaka ijayo. Januari 2011, kule Woodford, zikakatwakatwa kwa mitambo kama skrepa. Baadaye, nyambizi ya kigeni iliposhukiwa kuzunguka pwani ya Scotland, Uingereza ikaomba ndege za marafiki ziitafute. Mwishowe wakanunua P-8 za Boeing, ndege za kazi hiyohiyo. Ngapi? 9.

Kwa hiyo, mwanangu, usiulize ubora wala bei ya kununulia. Uliza kuiacha ni shilingi ngapi, na nani atakosa unga ikiachwa. Kule Marekani, ndege ya A-10, inayowasaidia askari wa nchi kavu kwa kushambulia kutoka juu, iliponea hapo pa pili: jeshi la anga lilitaka kuistaafisha mwaka 2014, likisema litaokoa dola bilioni 4.2 kwa miaka mitano. Bunge likagoma. Wanajeshi wa nchi kavu walikuwa wakiipenda, na maseneta wa Arizona, penye kambi yake kubwa, hawakukubali hata kidogo.

SWALI: Na hizo manowari mbili, zimefaa kitu?
Msomaji, Lamu

JIBU: Kuna wakati walipanga kuijenga ya pili kisha waiweke pembeni au waiuze. Wakaghairi, ikaingia kazini Desemba 2019 kwa jina la Prince of Wales. Agosti 2022 ikang'oa nanga kwenda Marekani. Hata haijafika mbali, kaplingi (kiungo) ya shafti ya kulia, ule mhimili unaozungusha pangaboi, ikafa karibu na kisiwa cha Wight. Ikarudishwa gudini Rosyth. Dada yake, Queen Elizabeth, akaenda badala yake. Februari 2024 zamu ikageuka: Queen Elizabeth ndiye aliyekuwa aongoze mazoezi ya NATO, ule umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, wakakagua kabla ya safari, wakakuta kaplingi ina kasoro. Ya kulia vilevile. Prince of Wales akaenda.