Mwalimu wa malezi na mkaguzi wa kata: jinsi ya kuwaenzi bila kuiharibu kazi yao

Wilaya ikimpa askari ngao kwa kuwa mwaka huu amekamata wanafunzi wengi wenye misokoto ya bangi, wakaguzi wa polisi wa kata zote nyingine wanaelewa mara moja kinachotakiwa. Mwakani watakamata wanafunzi wengi zaidi. Vivyo hivyo mwalimu wa nidhamu akisifiwa jukwaani kwa kuwa "amesafisha shule", wenzake wanajifunza kwamba mtoto aliyeanza kuvuta ni wa kuondolewa, na mtoto aliyeondolewa shuleni huishia kijiweni, kwa wale wale wanaomuuzia. Ndiyo maana tunashauri kamati yoyote ya shule, kata au halmashauri inayotaka kuwashukuru walimu na polisi wanaokinga vijana na dawa za kulevya ianze na swali la nini hasa kinachopewa heshima. Mambo ya ukumbi na maturubai yatafuata.

Kazi inayostahili heshima kwa kawaida haionekani. Kwa upande wa mwalimu, ni vipindi vya darasani vyenye mpangilio. Viwango vya kimataifa vya kuzuia matumizi ya dawa za kulevya, vilivyotolewa na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, na toleo la pili la 2018 likatolewa pamoja na Shirika la Afya Duniani, vinaelekeza kwenye mafunzo yanayotolewa na mwalimu aliyeandaliwa, kipindi kimoja kwa wiki, vipindi kati ya 10 na 15, wanafunzi wakishiriki badala ya kukaa kimya na kusikiliza. Humo wanajizoeza kukataa wanaposhawishiwa na rafiki, kufanya uamuzi, kuhimili msongo wa mawazo, na wanaondolewa ile dhana kwamba "kila mtu anavuta". Mwaka unaofuata kunakuwa na vipindi vichache vya kukumbusha.

Viwango hivyo hivyo vinataja yasiyosaidia: hotuba tupu, vitisho, kumleta aliyekuwa mraibu asimulie maisha yake, na kumtuma askari awe ndiye mwalimu wa somo. Hili la mwisho huwaudhi wengi, lakini lina historia. Mpango wa DARE ulianzishwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1983, askari wenye sare wakifundisha darasani. Ulipendwa sana na wazazi na ukaenea nchi nyingi, ila tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba waliofundishwa hawakutofautiana sana na wasiofundishwa katika kutumia dawa. Mwaka 2009 wenye mpango walianza kutumia mtaala mwingine, unaojengwa juu ya stadi za maisha na mazungumzo.

Askari basi anabaki na kazi gani? Kubwa, ila nyingi iko nje ya geti. Mkaguzi wa polisi wa kata anayejua kazi yake anaijua njia wanayopita watoto kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1:30, na tena saa 9 hadi saa 11 jioni. Anajua kibanda kinachouza sigara moja moja, kijiwe kinachovutiwa bangi, bodaboda anayebeba wanafunzi bila nauli na kwa nini. Anazungumza na mwenyekiti wa mtaa, anapita mara kwa mara kwa saa zisizotabirika, na akiitwa shuleni anafika bila king'ora. Mtoto akihitaji msaada anamfikisha kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kabla ya kufikiria mahabusu. Askari wa namna hii anaweza asiwe na hata kesi moja ya mwanafunzi mahakamani kwa mwaka mzima, na pengine hiyo ndiyo sababu ya kumpa ngao.

Kuna jambo moja ambapo mwalimu na askari hukutana, nalo ni kipimo kizuri cha wote wawili: mwalimu anapokuta kete au msokoto kwenye begi la mwanafunzi. Wanaojua hufanya hivi. Mwalimu anamwita mwalimu wa pili awe shahidi. Hawanusi, hawaonji, hawafungui. Kitu kinatiwa kwenye bahasha, inafungwa, inaandikwa tarehe, saa, mahali kilipokutwa na majina ya mashahidi wawili, kisha wote wanatia saini pale bahasha ilipofungwa. Kinafungiwa kabatini kwa mkuu wa shule, mkaguzi wa kata anaitwa siku hiyo hiyo, na makabidhiano yanaandikwa. Mzazi anaitwa. Mwanafunzi hatembezwi mstarini.

Mambo huharibika mwalimu anapokitupa chooni kwa hasira, au anapokaa nacho mfukoni hadi Jumatatu. Akikitupa, kilichobaki ni maneno tu, na Mkemia Mkuu wa Serikali hana cha kupima. Akikaa nacho, yeye mwenyewe ndiye aliyekutwa na dawa za kulevya, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haimsamehi mtu kwa kuwa ni mwalimu. Shule yenye daftari la makabidhiano ya aina hii, hata kama lina ukurasa mmoja ulioandikwa, ina watu wa kuenziwa.

Kuwapata wanaostahili

Kamati ya watu watano inatosha: afisa ustawi wa jamii, afisa elimu kata, mhudumu wa afya kutoka zahanati au kituo cha afya cha karibu, mzazi mmoja kutoka kamati au bodi ya shule, na mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Mkuu wa shule apendekeze majina lakini asikae kwenye kamati, maana atajikuta anamlinda wake. Fomu iwe ukurasa mmoja, maswali manne: alifanya nini, kwa wanafunzi wa darasa gani na mara ngapi, kuna kumbukumbu gani ya maandishi, na nini kimebadilika. Jibu la "ni mchapakazi na ana upendo" lirudishwe kwa aliyeandika.

Ombeni kuona andalio la somo, daftari la mahudhurio ya klabu, na hesabu ya wanafunzi waliopelekwa kwa ushauri nasaha bila majina yao. Hapo msilegeze kamba. Fomu za mapendekezo husambaa, zinapigwa picha, zinafika kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi kabla ya jioni, na jina la mtoto likishaingia humo halitoki.

Wanafunzi nao wana sauti. Wapeni karatasi zisizo na majina zenye swali moja: ukipata shida inayohusu pombe, sigara, bangi au dawa nyingine, ungemwendea nani hapa shuleni? Mara nyingi jina linalotokea si la mwalimu wa nidhamu wala la mlezi aliyeteuliwa rasmi. Linaweza kuwa la mpishi, mlinzi, au mwalimu wa michezo. Huyo naye aingie kwenye orodha, na bora zaidi apewe mafunzo.

Msitumie kipimo kimoja kwa wilaya zote. Mwalimu wa Kinondoni anakabiliana na unga, shisha na vidonge vinavyouzwa kiholela. Mwalimu wa milima ya Same anafundisha juu ya mirungi mbele ya watoto ambao ada ya kaka yao ilitokana na shamba la mirungi, na wanaojua vizuri kwamba ng'ambo ya mpaka, Kenya, jani hilo hilo huuzwa sokoni kihalali. Kule Tarime au Arumeru badala ya mirungi weka bangi. Mwalimu anayeweza kulijibu swali la "mbona baba analima?" bila kumtukana baba huyo, akaeleza sheria ya Tanzania inasema nini na jani linafanya nini kwenye usingizi na masomo ya mtoto wa miaka 13, amefanya kazi ngumu kuliko ya kubandika mabango 50. Kwa maoni yetu, huyo apewe alama zaidi.

Hatari ambayo waandaaji huisahau

Msimtangaze mtoa taarifa. Kila msimu wa sherehe husikika mshehereshaji akisema kwa kipaza sauti kwamba mwalimu fulani "aliwezesha kukamatwa kwa wauzaji watatu". Wauzaji hao wana ndugu, wana deni kwa waliowapa mzigo, na mwalimu anaishi nyumba ya kupanga mita mia mbili kutoka kijiweni. Kama sehemu ya kazi yake ilikuwa kutoa taarifa, ishukuruni kwa barua ya siri inayotoka kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na jukwaani msifieni kwa vipindi vyake vya darasani. Walimu wengine waelekezwe kwenye namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, inayopigwa bure, ambako taarifa hupokelewa bila kumtaja mtoaji. Kwa askari ni hivyo hivyo: msitaje mbinu, saa za doria wala jina la kibanda.

Mwanafunzi aliyepata nafuu naye asipandishwe jukwaani kushuhudia, hata akikubali, hata mzazi akikubali. Ana miaka 16 leo; picha ya siku hiyo itamfuata hadi kwenye usaili wa kazi.

Barua kwanza, ngao baadaye

Watumishi wa umma wanajua thamani ya karatasi iliyoko kwenye jalada. Kwa mwalimu, barua iandikwe kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mkuu wa shule na afisa elimu, nakala kwa Tume ya Utumishi wa Walimu ngazi ya wilaya na nakala kwake mwenyewe. Kwa askari, iende kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, nakala kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Iwe na kumbukumbu namba, tarehe na mhuri. Ngao ya kioo ni nzuri ukutani, ila siku ya upekuzi wa majalada kwa ajili ya kupanda daraja au cheo haiingii kwenye faili.

Maneno ya cheti yawe mahususi. "Kwa mchango wako mkubwa katika jamii" ni maneno ya kumpa yeyote. Afadhali: "Kwa kuendesha vipindi 12 vya stadi za maisha kwa wanafunzi wa darasa la sita, Februari hadi Mei, na kuhakikisha kila mwanafunzi aliyeletwa kwake kwa ushauri anaendelea na masomo." Anayekisoma anajua na yeye afanye nini.

Zawadi iliyo bora ni ile inayoirahisishia kazi mwakani: rimu za karatasi, kalamu za ubao, nauli na posho ya kuhudhuria mafunzo, au chumba kimoja chenye mlango unaofungika kwa ajili ya ushauri nasaha. Chumba hicho, ukituuliza sisi, kinashinda vyote; mtoto hawezi kusema neno la maana kwenye ofisi ya walimu yenye watu kumi. Askari asipewe fedha taslimu, hata kidogo, hata kwenye bahasha iliyoandikwa shukrani. Mbele ya macho ya watu na ya sheria ya rushwa ya mwaka 2007 ni vigumu kuitofautisha na kitu kingine. Kama kuna zawadi ya kitu, ipitie kwa mkuu wake wa kituo na iandikwe. Wafadhili nao wachujwe: kampuni ya bia, ya sigara au ya michezo ya kubahatisha isitundike bango lake nyuma ya jukwaa hili.

Kuhusu tarehe, 26 Juni ni siku ya kimataifa ya kupiga vita dawa za kulevya, na kila mtu huitaka. Tatizo ni kwamba kwa kawaida shule zetu huwa kwenye likizo ya katikati ya mwaka, kwa hiyo unaishia kukodi wanafunzi wa gwaride na kuwahutubia viongozi wenzako. Fanyeni katikati ya Julai shule zikishafunguliwa, kwenye mkutano wa wazazi ambao ungekuwepo hata hivyo, au 5 Oktoba, Siku ya Mwalimu Duniani. Septemba iacheni, darasa la saba wana mtihani wa taifa. Dakika 40 zinatosha. Hakuna maonyesho ya kete na misokoto mezani, hakuna igizo linaloonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kusokota. Kuna mtoto mstari wa mbele ambaye alikuwa hajui, na sasa anajua.

Baada ya sherehe kinachofuata mara nyingi ni uhamisho. Mwalimu aliyeng'ara anahamishiwa shule nyingine, mkaguzi anapangiwa kata nyingine, na klabu inakufa kabla ya Pasaka. Kwa hiyo msimuenzi mtu mmoja peke yake. Wapeni wawili wawili, mwalimu na msaidizi wake, na wekeni sharti kwamba nakala ya maandalio ya vipindi, daftari la makabidhiano na orodha ya namba za simu (ustawi wa jamii, kituo cha afya, Dawati la Jinsia na Watoto, na kliniki ya methadoni ya karibu kwa kijana mkubwa aliyekwisha kuzama kwenye heroini) zibaki ofisini kwa mkuu wa shule kabla cheti hakijatiwa saini.